Dara Shikoh na Suala la Usawa wa Njia za Kumwendea Mungu

1.0 Utangulizi

Dara Shikoh (1615–1659), mwana mkubwa wa mfalme Shah Jahan wa dola ya Mughal katika Bara Hindi, ni miongoni mwa watu wachache wa karne ya 17 ambao majina yao hutajwa hadi leo kila panapozuka mjadala kuhusu uhusiano wa dini mbalimbali. Mwaka 2017 barabara moja ya New Delhi iliyokuwa na jina la mtawala wa Kiingereza ilipewa jina lake. Mwaka 2020 serikali ya India iliunda jopo la wataalamu wa mambo ya kale ili kulitambua kaburi lake kati ya makaburi mengi yaliyomo katika eneo la kaburi la Humayun. Wanaomsifu humwona kuwa mtetezi wa imani kwamba dini zote ni sawa, na kwamba kila njia, iwe ya msikiti au ya hekalu, humfikisha mwenye kuifuata kwa Mungu yule yule. Wanaomlaumu, kuanzia waandishi wa kasri la ndugu yake aliyemwua, humshutumu kwa jambo hilo hilo. Pande hizi mbili hazipatani kwa lolote jingine, lakini juu ya mafundisho ya mtu huyu zimekubaliana.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba makubaliano hayo hayana msingi wa kutosha. Tutasimulia maisha ya Dara, na kwa kuwa alikuwa hodari wa kalamu kuliko wa upanga, tutakawia zaidi kwenye vitabu vyake. Maoni yetu ni kwamba alilolidai lilikuwa jembamba zaidi ya lile analohusishwa nalo. Alidai kuwa haki ni moja, kwamba waliofikia kuijua ni wachache miongoni mwa Waislamu na wachache miongoni mwa Wahindu, na kwamba wachache hao hawatofautiani ila kwa maneno. Mwenye kusema hivi hajasema kuwa njia zote ni sawa. Pengine amesema kinyume chake.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuuliza mwana wa mfalme wa Delhi anatuhusu nini. Kwanza, Dara alikuwa mfuasi wa tarika ya Kadiria, inayojinasibisha na Sheikh Abdul Qadir Jilani (aliyefariki 1166), tarika ambayo mwambao wetu unaifahamu vema, hasa kutokana na kazi ya Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909. Pili, na hili ni zito zaidi kwa idara ya lugha, hoja nzima ya Dara ilisimama juu ya tafsiri. Alijaribu kuthibitisha umoja wa imani kwa kulinganisha istilahi za lugha mbili. Sisi tunaotumia lugha ambayo Waislamu na Wakristo humwita Mungu kwa neno moja tuna jambo la kusema juu ya jaribio hilo.

2.0 Malezi, maradhi na tarika

Dara alizaliwa Machi 1615 huko Ajmer, mji lilipo kaburi la walii Muinuddin Chishti. Baba yake, aliyekuwa bado akiitwa Khurram, alikwisha pata mabinti na alikuwa ameomba dua kaburini hapo ajaliwe mwana wa kiume. Hivyo mtoto alikulia katika kisa cha baraka za mawalii kabla hajajua kusoma. Mama yake, Mumtaz Mahal, alizaa pia Jahanara (1614), Shah Shuja (1616), Aurangzeb (1618) na Murad Bakhsh (1624), pamoja na wengine. Mwaka 1626, baada ya uasi wa baba yao dhidi ya mfalme Jahangir kushindwa, Dara na Aurangzeb walipelekwa kwa babu yao kuwa rehani ya utii wa baba yao. Wa kwanza alikuwa na umri wa miaka 11, wa pili hajatimiza minane. Wanahistoria wamependa kuwaeleza ndugu hawa kama usiku na mchana. Yafaa ikumbukwe kuwa walionja utoto mmoja.

Mwaka 1628 baba yao alikalia kiti kwa jina la Shah Jahan. Mwaka 1631 mama yao alifariki akijifungua, na juu ya kaburi lake likajengwa jengo la Taj Mahal. Mwaka 1633 Dara alimwoa Nadira Banu, binti wa ami yake Parwez, na hakuoa mke mwingine hadi mwisho wa maisha yake, jambo lisilo la kawaida kwa mwana wa mfalme. Mtoto wao wa kwanza, binti, alifariki angali mchanga mwaka 1634, na Dara akaugua sana.

Ni katika msiba huo ndipo baba yake alipompeleka Lahore kwa Mian Mir, sheikh mzee wa Kadiria aliyekuwa akikwepa fadhila za wafalme. Dara mwenyewe anasimulia kwamba waganga walikuwa wameshindwa, na kwamba sheikh alimpa bakuli la maji anywe, naye akapona. Anasimulia pia kuwa sheikh alikuwa akitafuna karafuu na kuzitema, naye, mrithi wa dola tajiri kuliko zote za wakati ule, akaziokota na kuzila. Hatuna haja ya kuamua iwapo maji yale yaliponya. Linalotuhusu ni kwamba kijana huyu aliingia katika dini kupitia mlango wa msiba na wa mapenzi kwa mtu, kabla ya kuingia kupitia mlango wa hoja. Mian Mir alifariki mwaka 1635. Kiasi cha miaka mitano baadaye Dara na dada yake Jahanara walichukua ahadi ya tarika kwa khalifa wake, Mulla Shah wa Badakhshan. Tangu hapo Dara akatumia lakabu ya Qadiri katika mashairi yake. Jahanara naye aliandika kitabu kidogo juu ya maisha ya sheikh wao.

Vitabu vya kwanza vya Dara havina lolote la kumshangaza Mwislamu wa tarika. Safinat al-awliya (1640) ni mkusanyo wa wasifu mfupi wa mawalii zaidi ya mia nne, na Sakinat al-awliya, ulioandikwa muda mfupi baadaye, unahusu Mian Mir na wafuasi wake. Risalat haqq-numa, wa miaka ya 1640, unaeleza namna ya kudhibiti pumzi na kusikiliza sauti ya ndani wakati wa dhikri. Hapa ndipo msomaji makini huanza kuona mazoezi yanayofanana na yale ya wanayoga, ingawa mwandishi anayanasibisha na masheikh wake.

Itikadi iliyokuwa nyuma ya vitabu hivi ni ile ya umoja wa kuwako, inayohusishwa na Ibn Arabi (aliyefariki 1240): kwamba kwa hakika hakuna kilichopo ila Mungu, na vitu vyote ni madhihirisho yake. Katika Bara Hindi itikadi hiyo ilikuwa imekwisha kupata mpinzani mkubwa, Sheikh Ahmad Sirhindi (aliyefariki 1624), aliyefundisha kuwa umoja huo ni wa kushuhudia tu, hali anayoipata mwenye kuzama katika ibada, na kwamba Muumba na kiumbe hubaki mbalimbali. Ugomvi uliomkuta Dara ulianza kwa hiyo ndani ya Uislamu wenyewe. Babu wa baba yake, mfalme Akbar, alikuwa amefungua nyumba ya mijadala ya dini mwaka 1575, akafuta kodi ya jizia mwaka 1564, na kuagiza tafsiri ya Mahabharata kwa Kiajemi. Hata hivyo, Akbar alikuwa mtawala aliyetafuta amani baina ya raia zake. Mjukuu wa mwanawe alikuwa akitafuta kitu kingine.

3.0 Bahari mbili na istilahi mbili

Mwaka 1653 Dara aliongoza jeshi kwenda kuukomboa mji wa Qandahar kutoka kwa Waajemi, akashindwa. Aurangzeb alikuwa ameshindwa hapo hapo mara mbili kabla yake, lakini kushindwa kwa Dara, aliyekuwa kipenzi cha baba na asiyezoea maisha ya kambini, kulisemwa zaidi. Aliporudi Lahore alikutana na Baba Lal, mwalimu wa Kihindu, akafanya naye mazungumzo yaliyoandikwa na kuhifadhiwa kwa Kiajemi, Brahmani Chandar Bhan, karani mashuhuri wa dola, akihusika katika kuyaweka katika lugha hiyo. Moja ya maswali ya Dara lilihusu kuabudu sanamu. Jibu alilopewa, kwa ufupi, ni kwamba sanamu ni ya yule ambaye bado hajaifahamu maana, kama vile binti asiyeolewa anavyocheza na mtoto wa bandia, na akiolewa huacha. Jibu hili lilimfurahisha, na si vigumu kuona sababu. Linamwezesha mtu kuiheshimu dini ya mwenzake huku akiliweka kando jambo linalomchukiza ndani yake. Lakini pia linagawa watu wa dini ile katika makundi mawili, waliofahamu na wasiofahamu. Mgawanyo huo ndio ufunguo wa yote aliyoyaandika Dara baadaye.

Mwaka 1655, akiwa na umri wa miaka 40, alitunga Majma al-bahrayn, yaani Makutano ya Bahari Mbili. Jina limetoka katika Surat al-Kahf, pale Musa anapokwenda kumtafuta mja aliyepewa elimu ya siri, ambaye wafasiri humwita Khidhri. Kitabu ni kifupi. Sehemu zake, zaidi ya 20, zinafuatana kama kamusi: elementi, fahamu za mwili, sifa za Mungu, roho, malimwengu manne, sauti, nuru, kumwona Mungu, utume na uwalii, kiama, wokovu, mizunguko ya zama. Katika kila sehemu mwandishi anataja istilahi ya Kisufi kisha anaiweka pembeni istilahi ya Kisanskriti. Malimwengu manne ya masufi, kutoka ulimwengu wa wanadamu hadi ule wa uungu, yanalinganishwa na hali nne za nafsi katika falsafa ya Kihindu: kuwa macho, kuota ndoto, usingizi mzito, na hali ya nne iliyo juu ya hizo. Brahma, Vishnu na Mahesh wanalinganishwa na malaika Jibrili, Mikaili na Israfili. Mapenzi, ambayo kwa masufi ndiyo asili ya uumbaji, yanalinganishwa na maya.

Ulinganisho huu wa mwisho unastahili kutuzuia kidogo. Maya katika mafundisho ya wafuasi wa Shankara ni nguvu inayoificha haki na kuufanya ulimwengu uonekane kuwa kitu. Mapenzi katika mafundisho ya masufi ni shauku ya Mungu ya kujulikana. Neno la kwanza linaueleza ulimwengu kama pazia, la pili linaueleza kama kioo. Mtu anaweza kusema kuwa pazia na kioo vyote huanza pale umoja unapogeuka wingi, na hicho ndicho alichokiona Dara. Lakini ili kukiona ilimpasa aache nusu ya maana ya kila neno. Ulinganisho wa miungu mitatu na malaika watatu una gharama hiyo hiyo: Mhindu anayemwabudu Vishnu kama Mungu Mkuu atashangaa kumkuta amekuwa mtumishi.

Hapa lugha yetu inatoa somo ambalo Dara hakulipata. Yeye aliona maneno tofauti na akaamini kuwa maana ni moja. Sisi tuna maneno yaliyo mamoja na maana zinazotofautiana. Wamisionari waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili katika karne ya 19 walikuta msamiati wa dini ulioandaliwa na Waislamu kwa karne nyingi, wakauchukua: nabii, malaika, imani, dhambi, sala, mtume. Neno Mungu lenyewe, lenye asili ya Kibantu, lilikwisha kutumiwa na Waislamu kumtaja Mwenyezi. Leo mtu wa Lamu akisikia Mtume bila jina jingine anamfahamu Muhammad, na mtu wa Masasi akisoma nyaraka za Mtume anamfahamu Paulo. Hakuna kati yao anayedhani kuwa, kwa sababu neno ni lao wote, basi imani ni ya wote. Ikiwa umoja wa neno hauthibitishi umoja wa imani, utofauti wa neno nao hauthibitishi utofauti wa imani; hadi hapo Dara yuko salama. Asipokuwa salama ni pale anapodhani kuwa jedwali la visawe limekwisha kuimaliza kazi. Visawe humwonyesha msomaji mahali pa kuanzia kuuliza. Aidha, Qurani inataja bahari mbili zinazokutana katika Surat ar-Rahman pia, na pale kuna kizuizi baina yao ambacho hazikivuki. Dara aliichagua sura ya safari ya Musa.

Jambo la pili kuhusu kitabu hiki hutajwa mara chache na wale wanaomfanya kuwa baba wa usawa wa dini. Katika dibaji anaeleza kuwa ameandika kwa ajili yake na jamaa zake, na kwamba hana shughuli na watu wa kawaida wa umma wowote kati ya hizo mbili. Anaowalinganisha ni wajuzi na wajuzi: masufi kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili Wahindu anaowaita wenye kumpwekesha Mungu. Mwislamu anayesali sala tano bila kuwa na siri ya ndani, na Mhindu anayepeleka maua mbele ya sanamu, wote wako nje ya makutano hayo. Katika Hasanat al-arifin, aliouandika miaka hiyo hiyo, anakusanya kauli za masufi zinazotisha masikio ya wanasheria, na dharau yake kwa wanazuoni wa sheria haijifichi. Usawa aliouleta baina ya dini mbili uliandamana na kutokuwa sawa kwa watu ndani ya kila dini.

Kazi yake kubwa kuliko zote ilikamilika Delhi katikati ya mwaka 1657, katika mwezi wa Ramadhani. Aliwakusanya mapandita na masanyasi kutoka Banaras, mji uliokuwa kitovu cha elimu ya Kihindu, na kwa muda wa miezi sita wakatafsiri kwa Kiajemi Upanishadi zipatazo 50. Kitabu kikaitwa Sirr-i akbar, Siri Kuu. Tafsiri ni ya Kiajemi safi chenye kueleweka, na sehemu nyingi za ufafanuzi wa Shankara zimeingizwa ndani ya matini bila kutenganishwa nayo, kiasi kwamba msomaji hajui wapi rishi anaishia na wapi mfafanuzi anaanza.

Dibaji ya kitabu hiki ndiyo ushahidi bora kwa suala letu. Dara anaeleza kuwa alisumbuliwa na maana ya Upweke wa Mungu, kwamba aliona Qurani ina mafumbo mengi na wanaoyafahamu ni wachache, na kwamba aliisoma Taurati, Zaburi na Injili akitafuta ufafanuzi. Huko, anasema, aliukuta Upweke umeelezwa kwa ufupi na kwa ishara. Ndipo alipozigeukia Upanishadi, akaona humo ndimo Upweke ulimoelezwa kwa kina. Kisha anafikia dai lililowashtua wengi. Surat al-Waqia inataja kitabu kilichofichwa kisichoguswa ila na waliotakaswa. Wafasiri wengi hukifahamu kuwa ni Ubao Uliohifadhiwa mbinguni. Dara anakataa, kwa kuwa aya zinataja uteremsho. Anakataa pia kuwa ni Zaburi, Taurati au Injili. Kwa kuwa Upanishadi ni mafundisho ya siri, na kwa maoni yake ndicho kitabu cha kale kuliko vyote vilivyoteremshwa, hitimisho lake ni kwamba aya zile zinazitaja Upanishadi.

Tuyaangalie haya bila haraka. Vitabu vya dini nne vimewekwa mezani, na havikupata daraja moja. Injili na Taurati zimekubaliwa kuwa za mbinguni lakini zimeonekana kuwa na upungufu wa maelezo. Upanishadi zimepandishwa, na kilichozipandisha ni kipimo kimoja, yaani Upweke wa Mungu kama masufi wa mkondo wa Ibn Arabi wanavyouelewa. Hata cheo chake kipya kitabu cha Kihindu kinakipata kwa kupewa nafasi ndani ya aya ya Qurani. Mapandita wa Banaras hawakuhitaji aya hiyo ili kuamini vitabu vyao. Aliyeihitaji ni Dara, kwa sababu hakuwa amesimama mahali pa juu ya dini zote akizitazama kwa usawa. Alikuwa amesimama ndani ya Uislamu wa tarika yake, na kutoka humo akaona mbali. Kwa maoni yetu hilo halimpunguzii heshima. Linamwondoa tu katika orodha aliyotiwa.

4.0 Kiti cha enzi na mashtaka

Miezi michache baada ya tafsiri kukamilika, mnamo Septemba 1657, Shah Jahan aliugua. Dara alikuwa kasrini kando ya baba yake. Ndugu zake watatu walikuwa majimboni, kila mmoja na jeshi lake: Shuja Bengal, Murad Gujarat, Aurangzeb Deccan. Uvumi kwamba mfalme amekufa ulitosha. Mwezi Aprili 1658 majeshi ya Aurangzeb na Murad yalilishinda jeshi la mfalme huko Dharmat, na wiki chache baadaye, katika uwanja wa Samugarh karibu na Agra, Dara mwenyewe alishindwa. Shah Jahan alifungwa katika ngome ya Agra hadi kifo chake mwaka 1666.

Vita hivi mara nyingi husimuliwa kama vita vya itikadi mbili, uvumilivu na ukali. Usimulizi huo haulingani na orodha ya waliopigana. Wakuu wa Kihindu na wa Kiislamu walikuwako katika kila upande. Jai Singh, mkuu wa Kirajput, ndiye aliyepewa na Aurangzeb kazi ya kumfukuza Dara, na Jaswant Singh, aliyeongoza jeshi la mfalme huko Dharmat, alimwacha Dara bila msaada wakati wa vita vya Deorai karibu na Ajmer mnamo Machi 1659. Waliomjua Dara, akiwemo mganga Mfaransa François Bernier, wameandika kuwa alikuwa mtu mwungwana na mkarimu lakini aliyejiamini kupita kiasi na kuwadharau waliompa ushauri. Mtu aliyezoea kuamini kuwa wanaojua ni wachache hupata taabu kujenga kundi la kumpigania.

Kutoka Deorai alikimbia kuelekea Sindh, akikusudia kufika Qandahar. Njiani, mwezi Juni, Nadira Banu alifariki. Dara alituma maiti yake pamoja na askari waliokuwa wamebaki naye kwenda Lahore, azikwe karibu na kaburi la Mian Mir, naye akabaki takriban bila ulinzi. Siku chache baadaye alikamatwa na Malik Jiwan, mkuu wa Kiafghani aliyekuwa mwenyeji wake, mtu ambaye Dara alikuwa amemwombea msamaha kwa Shah Jahan miaka ya nyuma alipohukumiwa kifo. Alipelekwa Delhi, akatembezwa mitaani juu ya tembo mchafu akiwa na mwanawe Sipihr Shikoh, katika mavazi duni. Bernier alikuwapo. Ameandika kuwa umati ulilia kwa sauti. Kesho yake Malik Jiwan alipopita mitaani watu walimrushia mawe na takataka. Watu wa kawaida, wale aliowaandikia kwamba hana shughuli nao, ndio waliomlilia, na yaelekea kilio hicho kiliharakisha kifo chake, kwa kuwa Aurangzeb aliona hatari ya kumwacha hai.

Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya dini. Historia rasmi ya utawala wa Aurangzeb inamshtaki kwa kusuhubiana na Mabrahmani na wanayoga, kuziita Veda maneno ya mbinguni, kuvaa vito vilivyochorwa jina la Kihindu la Mungu, Prabhu, na kuacha sala na funga. Mashtaka mawili ya kwanza ni ya kweli, na vitabu vyake vinayathibitisha. La mwisho hatuwezi kulichukua kutoka kwa adui peke yake. Ama kuritadi, hatuoni ukurasa katika maandishi yake unaoonyesha kuwa aliutoka Uislamu. Mtu anayetumia dibaji nzima kufasiri aya za Surat al-Waqia hajaiacha Qurani. Amewakasirisha tu wafasiri wengine. Lakini wanazuoni waliotoa fatwa walikuwa wakimjibu mtu aliyekwisha kuwaambia hadharani kwamba hawajui kitu, na aliyewataka watoe fatwa hiyo hakuweza kutawala kwa amani maadamu ndugu yake mkubwa yu hai. Murad, ambaye hakuna aliyemtuhumu kwa Upanishadi, naye aliuawa kwa amri ya Aurangzeb mwaka 1661. Katika kipindi hicho hicho aliuawa pia Sarmad, mshairi wa asili ya Kiyahudi kutoka Uajemi aliyetembea uchi Delhi na aliyekuwa rafiki wa Dara.

Dara aliuawa usiku, mwanzoni mwa Septemba 1659 kwa kalenda tunayoitumia leo. Mwanawe mkubwa, Sulaiman Shikoh, alifia katika ngome ya Gwalior mwaka 1662. Sipihr Shikoh aliachwa hai, na mwaka 1673 aliozwa binti wa Aurangzeb. Uzio wa mawe ambao Dara alilizawadia hekalu la Keshav Rai huko Mathura uliondolewa kwa amri mwaka 1666, na hekalu lenyewe likabomolewa mwaka 1670.

5.0 Safari ya Siri Kuu

Kitabu kilipona. Nakala za Sirr-i akbar ziliendelea kunakiliwa, na mwaka 1775 mwanazuoni Mfaransa Abraham Hyacinthe Anquetil-Duperron alipokea moja kutoka kwa Gentil, mwakilishi wa Ufaransa katika kasri la Awadh. Aliitafsiri neno kwa neno kwa Kilatini, huku akiyaacha maneno mengi ya Kisanskriti katika matamshi ya Kiajemi, na kuichapisha Strasbourg mwaka 1801 na 1802 kwa jina la Oupnek'hat. Hivyo Ulaya ilizisoma Upanishadi nyingi kwa mara ya kwanza kupitia jedwali la visawe la Dara, pamoja na malaika wake na dibaji yake, kabla wataalamu hawajaanza kuzitafsiri kutoka katika lugha yake ya asili.

Mwanafalsafa Mjerumani Arthur Schopenhauer alianza kuisoma tafsiri hiyo mwaka 1814 na hakuiacha maisha yake yote. Hakumwamini Mungu. Alichokichukua katika kurasa zile ni mafundisho kwamba ulimwengu wa wingi ni mwonekano tu, na akalitumia sana lile neno maya, kwa maana ya pazia. Ule Upweke wa Mwenyezi Mungu, ambao Dara aliutumia kuzipima Taurati, Injili na Upanishadi, hakuuhitaji, akauacha katika kitabu alimoukuta.